Marubani husimulia, bodaboda hunyamaza

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti 2025 niliwasili Busia kwa njia ambayo jamaa zangu hawajapata kunisamehe. Mwenzangu mmoja wa kitivo cha uhandisi, mwenye leseni ya urubani na ambaye hurusha ndege kwa kujifurahisha tu kama wengine wachezavyo gofu, alinichukua kutoka Kisumu katika ndege ya kukodi aina ya Cessna 172. Hiyo ni ndege ya injini moja na viti vinne, ambayo hata ikijaa watu na mafuta uzito wake hauzidi sana tani moja. Mama mkubwa alipopata habari aliniuliza kama mshahara wa chuo kikuu umekuwa mkubwa mno au akili zangu zimekuwa ndogo mno.

Tungekwenda moja kwa moja, safari ingekuwa ya nusu saa hivi. Tulizunguka upande wa kaskazini ili niione Malaba kutoka juu. Kulia kwetu Mlima Elgon ulikuwa umejitanda mawingu. Mbele, ng'ambo ya mpaka, Mwamba wa Tororo ulisimama peke yake kama jino lililosalia kinywani mwa mzee. Malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda yalionekana kama shanga katika uzi. Hapo mwenzangu akageuza ndege, kwa kuwa mpaka ambao mwendesha bodaboda huuvuka kwa dakika chache, rubani haruhusiwi kuuvuka hivi hivi. Angetaka kwenda upande wa pili ingemlazimu kuandikisha mpango wa safari, apitie kiwanja chenye maofisa wa forodha na uhamiaji, kisha akatue Entebbe. Nilicheka moyoni. Mwenye mbawa amefungwa, mwenye magurudumu mawili yu huru.

Katika safari hiyo fupi tulipatwa na mambo manne. Kabla ya kuondoka Kisumu, rubani alikinga mafuta kidogo kutoka tangini katika kichupa, akakiinua juani, akaona matone ya maji chini ya mafuta. Akamwaga, akakinga tena na tena mpaka mafuta yakawa safi. Mara tu baada ya kupaa mlango wa upande wangu ulifunguka kidogo, upepo ukaingia kwa kishindo, nami nikashika kiti kwa mikono yote miwili. Mwenzangu hakuutazama mlango. Aliendelea kupandisha ndege hadi ikatulia, ndipo akaniambia kwa sauti ya kawaida niuvute kwa nguvu. Tulipofika Busia tukakuta mbuzi wamelala katikati ya njia ya kurukia. Akapita chini chini kuwatisha, akapaa tena, akazunguka, akatua. Tulipokuwa tukielekea mahali pa kuegesha, gurudumu moja likaanza kuvuta upande. Msumari.

Tyubu mpya ilisafirishwa kwa matatu kutoka Kisumu, ikaletwa kiwanjani na kijana wa bodaboda aliyeifunga kiunoni kama mshipi. Saa zote zile za kungoja, mwenzangu alikaa chini ya kivuli cha bawa la ndege akiandika katika kijitabu. Aliandika habari za maji na za mlango, mbuzi na saa tuliyowaona, msumari na mahali alipodhani ulikuwa. Jioni ile ile aliwapelekea marubani wenzake anaoruka nao, watu kadhaa wanaojuana kwa majina na kwa makosa. Wawili wakajibu kwamba mlango wa ndege hiyo hiyo umewahi kuwafungukia wao pia. Juma lililofuata kitasa kikabadilishwa.

Kijana wa bodaboda alipokunja mkono wa shati nikaona kovu refu toka kiwiko hadi kifundo. Nikamwuliza limetokana na nini.

"Ajali tu, mwalimu," akanijibu. "Ni mambo ya Mungu."

Sikukusudia kuandika juu ya safari ile. Lakini tarehe 28 Oktoba 2025 ndege ndogo iliyokuwa ikiwapeleka watalii kutoka Diani kwenda Maasai Mara ilianguka Kwale, wakafariki watu wote 11 waliokuwamo, na kama kawaida yetu mazungumzo yakajaa vyumba vya walimu kwa siku tatu kisha yakaisha. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2025 ndege ya mafunzo ilipoanguka barabarani Malindi na kuua watu 3 waliokuwa ardhini. Ndivyo ilivyokuwa pia tarehe 5 Machi 2024, wakati Cessna 172 ya mwanafunzi na mwalimu wake ilipogongana na ndege kubwa ya abiria juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili hao wakafa, ile kubwa ikarudi Wilson salama na watu wake wote 44. Ndege hatuijui mpaka ianguke.

Sisi wa Busia tulilijua hilo mapema. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2003, serikali mpya ya Rais Kibaki ikiwa haijatimiza mwezi, mawaziri kadhaa walikuwa wamekuja kumsherehekea Moody Awori nyumbani kwake. Walipoondoka jioni, ndege yao ya kukodi ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka kiwanja kile kile nilichotua mwaka huo wa 2025. Waziri wa Leba, Ahmad Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Mawaziri wengine wakajeruhiwa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, niko nyumbani. Ninachokumbuka zaidi si moshi wala ving'ora, bali jinsi wazee walivyokaa usiku wakilizungumza jambo hilo kwa neno moja tu, wakilirudia kama watu wanaofunga mlango: ajali, ajali, ajali.

Hapa msomaji hana budi kumvumilia mtu wa isimu.

Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni muda uliowekwa, hasa muda wa uhai: siku ambayo mtu ameandikiwa kufa. Katika Kiswahili cha zamani maana hiyo ndiyo iliyotangulia, na katika methali "ajali haina kinga" bado inapumua, maana nani atajikinga na siku yake? Baadaye, magari yalipoingia, neno lile lile likabebeshwa mzigo mpya wa breki zilizokatika na madereva waliolewa. Hatukubadilisha neno. Tulilihamisha tu kutoka kitandani pa mgonjwa hadi kando ya barabara, likahama na vifaa vyake vyote.

Halafu tazama neno tunalotumia kwa mambo ambayo karibu yatokee. "Nusura nianguke," tunasema. Nusura nayo imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya msaada, nusra. Basi mtu akianguka, siku yake ilikuwa imeandikwa, asipoanguka, amesaidiwa. Kwa vyovyote vile mambo yameamuliwa juu, na huku chini, penye dizeli iliyomwagika na taa ya pikipiki isiyowaka, hakuna lililobaki la kuzungumzwa.

Sidai kwamba neno linaifunga akili ya mtu. Ningedai hivyo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wangenisahihisha, na wangekuwa na haki. Waingereza nao neno lao la ajali limetoka katika Kilatini, na asili yake ni kitu kilichoanguka chenyewe, kisicho na mwenyewe. Lakini marubani wao hawakulikubali neno hilo liwe la mwisho. Wala sina ugomvi na mtu anayemshukuru Mungu kwa kunusurika. Mwenzangu rubani ni mzee wa kanisa. Alimshukuru Mungu kwa sala fupi palepale uwanjani, kisha akafungua kijitabu.

Desturi hiyo ya kijitabu haikuzaliwa na malaika. Katika miaka ya kwanza ya urubani wa kujifurahisha hapa kwetu, watu walikufa ovyo. Klabu ya marubani wa Afrika Mashariki iliundwa Nairobi mwaka 1927. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mmoja wa mabwana wakubwa wa zama hizo, alianguka na ndege yake ndogo Voi, akafa pamoja na mtumishi wake Mwafrika, ambaye vitabu vingi humtaja kwa nusu ya sentensi. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mwezi wa Septemba 1936. Injini ikazima kwa kukosa mafuta, akaangukia matopeni Kanada badala ya kufika New York alikokusudia. Yeye alipona, akaja akayasimulia katika kitabu mwaka 1942. Na tangu mwaka 1939 jarida moja la Marekani, ambalo leo linaitwa Flying, limekuwa na safu ambamo marubani wa kawaida, madaktari, wakulima na wenye maduka, hueleza kwa nafsi ya kwanza upumbavu walioufanya angani na jinsi ulivyokaribia kuwaua. Hiyo ni miaka zaidi ya 80 ya watu wazima kujiaibisha kwa hiari yao.

Serikali nazo zilifuata. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinasema kwamba shabaha ya kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia nyingine isitokee, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Kinatofautisha pia ajali na tukio dogo lisilofikia kuwa ajali, na kuyataka yote mawili yaangaliwe. Mwaka 1976 Wamarekani wakaenda mbele zaidi: wakaanzisha ofisi ambayo rubani yeyote anaweza kuiandikia kosa lake, jina lake likafutwa kabla ya barua kusomwa na wengine. Kwa ujanja waliikabidhi kwa shirika la NASA, ambalo halina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Barua zilizopokelewa tangu hapo zimezidi milioni moja. Sehemu kubwa ni mambo madogo ya aina ya yale manne yaliyotupata kati ya Kisumu na Busia.

Nilimwuliza mwenzangu kwa nini mtu aandike habari ya mbuzi. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Ukiwa katika hewa yenye unyevu, kama hii ya kando ya Ziwa, barafu inaweza kufanyika ndani ya kabureta ya ndege hata siku ya jua, kwa kuwa mafuta yanapogeuka mvuke huipoza hewa ghafla. Injini hupunguza nguvu polepole, bila kelele. Rubani wa kwanza aliyepatwa na jambo hilo akapona, akanyamaza, alimwachia wa pili afe. "Mbuzi leo wamelala," akasema, "siku nyingine watakimbia." Kisha akaniuliza rafadha kwa Kiswahili ni nini, nikamwambia ni hiyo hiyo rafadha anayoitamka, neno ambalo wanafunzi wangu hulijua kutoka kamusini tu, na tukaacha mazungumzo ya kifo.

Siku ya pili nilipanda matatu kwenda Malaba kumtazama mtoto wa ndugu yangu, na hapo ndipo kisa hiki kinaponihusu kwa namna ambayo ningependa kisinihusu.

Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa. Watu wa Busia husema lilizaliwa Busia, wa Malaba husema Malaba, nami nimejifunza kutoingilia kati. Kabla ya pikipiki zilikuwapo baiskeli, zilizowapakia abiria na magunia katika kile kipande cha ardhi kilichokuwa baina ya vituo vya mpaka vya nchi mbili, na waendeshaji wakinadi "boda! boda!", kutoka mpaka hadi mpaka. Mtu wa isimu hufurahia kwamba urudufishaji huo haufanani na ule wa polepole au wa harakaharaka. Hapa neno la kwanza ni mahali pa kuondokea na la pili ni mahali pa kufikia, safari nzima ikiwa imekunjwa ndani ya neno moja. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa rasmi Busia mwezi wa Februari 2018, msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Bodaboda hazikupungua. Neno lenyewe limekwishafika Kongo na Sudan Kusini, wala halijaulizwa pasipoti.

Mtoto wa ndugu yangu alimaliza kidato cha nne mwaka 2022. Alipata alama za kumwezesha kusomea ualimu, akakosa karo. Akachukua pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, akisema ni kwa mwaka mmoja tu. Mwezi wa Juni 2025, kabla ya mapambazuko, alikuwa amempakia mama mwenye ndoo za nyanya kuelekea sokoni. Kando ya barabara, mahali malori yanaposimama usiku yakingoja kuvuka, gurudumu la mbele liliteleza. Mama yule aliumia bega. Yeye aliangukia chini ya lori lililokuwa limeanza kujongea, na mguu wa kushoto ukakatwa hospitalini chini ya goti.

Nilipofika nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya mama yake, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Tulizungumza habari za mpira. Kisha nikaomba nipelekwe pale mahali.

Ni mahali pa kawaida kabisa. Malori hudondosha dizeli na oili usiku kucha, umande ukishuka huenea juu yake, na alfajiri, kabla jua halijakausha, lami huwa kama sabuni. Mchana huoni kitu. Nilikwenda steji iliyo karibu, nikawasalimia vijana, nikawaeleza mimi ni nani na nimekuja kwa nini. Walikuwa kumi na mmoja. Nikawauliza ni nani kati yao amewahi kuteleza pale. Kimya. Mwenyekiti wao, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, akakohoa, akasema yeye aliteleza mara mbili mwaka wa 2024. Ndipo mmoja baada ya mwingine wakaanza. Mmoja alivunjika kidole, mwingine alimwangusha mwalimu wa shule ya msingi akamlipia simu iliyopasuka. Wawili walisema hawakuanguka, ila nusura. Walipomaliza, walikuwa wanane katika kumi na mmoja.

Wanane! Kila mmoja wao alikuwa na kipande cha habari ambacho kingemfanya kijana yule apite upande wa pili wa barabara asubuhi ile.

"Mbona hamkuambiana?" nikauliza.

"Mwalimu," akasema mmoja, "ukisema umeanguka, nani atakupanda?"

Mwingine akasema mwenye pikipiki akisikia imeanguka huichukua na kumpa mwingine, na siku hiyo hujala. Wa tatu akasema aliwahi kwenda kuandikisha habari za kuanguka kwake katika ofisi moja, akatoka na deni. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anavyomtazama mgeni, akasema, "Na tena, mwalimu, ajali haina kinga."

Ningekuwa mwongo kama ningewalaumu, na marubani pia si watakatifu. Mtu anayerusha ndege kwa kujifurahisha ana kazi nyingine ya kumlisha. Akikiri kosa, watoto wake watakula jioni hiyo. Ana bima, ana leseni aliyoisomea kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na juu ya yote ana ahadi iliyoandikwa kwamba kukiri si kujishtaki. Hata hivyo wapo wanaoficha, na mwenzangu alinitajia vifo viwili ambavyo anaamini vilitokana na kufichwa huko. Kijana wa Malaba hana hata kimoja katika hivyo. Kumtaka awe mkweli bila kumpa kinga ni kumtaka ajinyime chakula kwa ajili ya watu asiowajua. Barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni, na waendeshaji pikipiki pamoja na abiria wao ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Tunachokihesabu ni maiti. Mitelezo wanane wa steji moja hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Naandika haya katika ukurasa unaosomwa na walimu na wanafunzi, kwa hiyo niulize swali la karibu zaidi. Kijana yule wa steji alijifunza wapi kwamba kukiri kosa ni kujiangamiza? Si barabarani. Alifika barabarani amekwisha hitimu. Alijifunza kwetu, katika madarasa ambamo anayeinua mkono na kukosea huchekwa, na kalamu nyekundu haiulizi kosa limetoka wapi. Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder alichapisha makala akieleza kwamba makosa ya mtu anayejifunza lugha si takataka, bali ni ushahidi wa kazi inayofanyika akilini mwake, na kwamba mwalimu asiyeyachunguza anaitupa habari bora kuliko zote alizonazo. Sisi wa idara za lugha tumeifundisha makala hiyo kwa miaka mingi. Tunaitungia mtihani, na anayekosea jibu tunamkata alama.

Wala simnyoshei mtu kidole nikiwa msafi. Nilipokuwa nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamifu, nilipoteza saa kumi na nne za mazungumzo ya Kiteso niliyorekodi katika vijiji vya kaskazini mwa Busia. Kifaa cha idara kilikuwa na kasoro: betri ikishuka kilifuta kilichokuwamo. Nilimficha msimamizi wangu miezi mitano, nikirudi vijijini kwa siri, nikiwaambia wazee uongo kwamba naongezea tu. Baada ya kuhitimu ndipo nilipogundua kwamba wanafunzi wawili walionitangulia walipoteza rekodi zao kwa kifaa hicho hicho, nao wakanyamaza. Na mimi, nilipokirudisha, nilikifuta vumbi, nikakiweka kabatini. Sijui nani alikichukua baada yangu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wazungu na ndege zao, na kwamba desturi yetu ni kusitiri. Methali zetu zinasema vingine. Wahenga walionena kwamba kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele walikwishatofautisha tukio dogo na ajali kabla Mkataba wa Chicago haujaandikwa. Na hilo neno rubani, tunaloliona la kisasa, lilikuwa neno la baharini: ndiye mtu aliyejua miamba, akakiongoza chombo kupita kati yake. Aliijuaje miamba hiyo? Baadhi yake aliambiwa na waliokwama juu yake.

Kabla ya kuondoka Malaba nilinunua daftari la kurasa 96 na kalamu mbili, nikamwachia mwenyekiti wa steji. Tulikubaliana kwamba majina yasiandikwe, wala namba za pikipiki; mahali tu, saa, na kilichotokea. Anayetaka aandike kwa Kiteso, anayetaka amwambie mwenyekiti amwandikie. Walikubali kwa adabu, kama watu wanavyomkubalia mwalimu.

Nilirudi Novemba 2025, mara hii kwa basi, kwa amri ya mama mkubwa. Daftari lilikuwapo, limechakaa pembeni. Kurasa nne zilikuwa zimechanwa, na jalada la nyuma limejaa hesabu za mchango wa matanga. Ndani mlikuwa na habari saba. Tano zilihusu mahali pale pale penye dizeli, na mwenyekiti akaniambia kwamba sasa wakati wa alfajiri wengi wao hupita upande wa pili, ingawa lori moja lililokuwa likirudi nyuma liliwahi kumkosa mmoja kidogo huko pia. Hiyo ilikuwa habari ya sita. Ya saba iliandikwa kwa mkono ninaoutambua, mkono wa mtu aliyetaka kuwa mwalimu. Ilikuwa na tarehe ya mwezi wa Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na chini yake maneno machache: abiria mmoja, ndoo tatu za nyanya, taa ya mbele ilikuwa imekufa tangu Jumapili, sikumwambia mtu.